Jiwe la jangwani limefika Uyole, nitajuaje ni kimondo cha kundi gani?

MwlUyole:
Wakuu heshima kwenu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari huku Uyole, Mbeya, na hii ni wiki ya tatu kuna kitu kinaninyima usingizi. Mdogo wangu alikuwa anasoma Moroko, kabla hajarudi akapita Erfoud, ule mji wa pembeni ya Sahara ambako watu wanapanga mawe ya jangwani mezani kama wamama wanavyopanga ndizi pale Kiwira, akaninunulia jiwe moja maana anajua napenda sana haya mambo. Muuzaji alimwambia limeokotwa na wafugaji huko jangwani, zaidi ya hapo hakuna karatasi wala jina wala chochote.

Lina ukubwa wa ngumi ya mtoto, gramu 386 kwenye mzani wa maabara yetu. Nje ni kahawia iliyoiva, sehemu nyingine linang'aa kama limepakwa vanishi, upande mmoja umebaki na gamba jeusi jembamba sana, ukiliangalia ni kama masizi yaliyogandia kwenye sufuria ya kuni. Sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu inashika ila sio kwa nguvu kama inavyoshika msumari.

Nililipeleka ofisi fulani hapa mjini nikaambiwa ndani ya dakika moja kwamba hayo ni mavi ya chuma nikatupe. Kwa kweli iliniuma, sio kwa sababu wamenikatalia ila kwa sababu hawakuangalia hata. Nikaenda kwa jirani yangu fundi tailizi, akanikatia pembe moja na mashine yake, nikakaa jumamosi nzima nasugua na msasa, nimeanza na ule mkali nikamalizia na ule laini kabisa. Ndani kumetokea rangi ya kijivu iliyochanganyika na kutu, kuna vidoa vinameremeta kama fedha, halafu kuna viduara vidogo vidogo, vingine kama punje ya ulezi vingine vidogo zaidi.

Nimesoma kwamba vimondo vya mawe vina makundi H, L, LL, na namba 3 mpaka 6, lakini nikifika hapo napotea. Swali langu ni moja tu, mtu akiwa na maabara ya shule tu anaweza kufika wapi kwenye kulipa hili jiwe kundi lake? Naombeni mnisaidie, nina wanafunzi kidato cha tatu wanaulizia kila siku.

Mchimbaji_Chunya:
Mwalimu hongera sana hiyo ni bahati. Ushauri wangu usimwonyeshe kila mtu, vimondo vina hela ndefu. Kama unataka uhakika weka kipande kwenye tindikali uone chuma kinabaki au hakibaki, au lichome kidogo kwenye mkaa likipasuka utaona ndani vizuri. Sisi huku jiwe tukilitilia shaka tunafanya hivyo.

Mwamba_Makambako:
Mwalimu kamwene, na ndugu yangu wa Chunya kamwene pia. Naomba nianze na hilo la tindikali na moto kabla mwalimu hajawasha jiko. USIFANYE. Tindikali inakula chuma chenye nikeli, na hicho ndo ushahidi wenyewe, na moto unabadilisha madini ambayo mtu wa maabara atataka kuyapima. Hata sumaku kali usiendelee kulisugulia kila saa, jiwe kama hili huwa na kumbukumbu ya usumaku wa zamani ndani yake na sumaku ya spika inaifuta. Umeshajua linashika, inatosha.

Mimi nimesoma jiolojia na kazi yangu ni miamba, na watu wa Nyanda za Juu wananiletea "vimondo" mara nyingi tu. Wengi wanakuwa wamebeba moja ya vitu vitatu. Cha kwanza ni mavi ya chuma kweli, maana wazee wetu hasa Ufipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu, yale malungu, na mabaki yake yamezagaa mpaka leo. Cha pili ni mawe ya volkano ya Rungwe, meusi na mazito. Cha tatu ni mawe ya aina ya Liganga kule Ludewa, yale sumaku inayapenda kupita kiasi. Kwa hiyo yule aliyekwambia mavi ya chuma alikuwa anawaza kitu ambacho kipo kweli huku kwetu, kosa lake ni kutoangalia ndani.

Sasa tofauti. Mavi ya chuma na mawe ya volkano mara nyingi yana vitundu vya hewa kama mkate, kimondo cha mawe karibu kila mara hakina. Jiwe la Liganga ukilichora nyuma ya tailizi, upande ule usiong'aa, linaacha mstari mweusi, na yale yenye kutu nyekundu yanaacha mstari mwekundu wa kahawia. Kimondo cha kawaida hakiachi mstari wa maana. Na hivyo viduara unavyosema, kama kweli ni viduara, kwa kitaalamu vinaitwa kondruli na ndio vinalipa jiwe jina la kondraiti. Ni matone ya mawe yaliyoyeyuka angani wakati jua letu bado changa, yakaganda kabla hata dunia haijamaliza kujijenga. Hakuna mwamba wa duniani wenye kitu hicho.

Nifanyie vitu vitatu kabla sijasema neno la kundi. Moja, lichore kwenye tailizi. Mbili, pima uzito wake ukilinganisha na maji, usilizamishe na kuangalia maji yaliyopanda kwenye silinda maana jiwe lako dogo na silinda ya shule itakudanganya, weka kikombe cha maji kwenye mzani, rudisha mzani kwenye sifuri, halafu lining'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote. Namba itakayosoma mzani kwa gramu ndio ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawa 386 kwa hiyo namba. Tatu, piga picha uso uliokata kwa karibu, weka juu yake karatasi angavu yenye gridi, hesabu kwenye kila makutano ya mistari kama umeangukia chuma kinachometa au jiwe. Hesabu makutano 400, usichoke katikati.

BintiVwawa:
Mwalimu pole na hongera. Mi ni mtu wa Vwawa, nimekulia karibu na Kimondo chetu cha Mbozi pale Marengi, kwa hiyo hii mada siwezi kuipita.

Watu wengi hapa Mbeya wakisikia kimondo wanawaza lile dude la tani kama 16, urefu mita tatu, na wanadhani vimondo vyote viko hivyo. Lile ni chuma tupu, asilimia 90 na kidogo ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli, ndo maana ukiligonga linalia. Wageni wamelijua mwaka 1930 lakini wazee wa Kinyiha walikuwa nalo siku zote. Wakati wanalichimbua udongo wa pembeni wakaacha nguzo ya udongo chini yake, baadaye ikazungushiwa zege, ndo hiyo meza unayoiona leo. La mwalimu ni jamii nyingine kabisa, ni la mawe.

Ila nataka niseme kitu ambacho naona watu wa mkoa wetu hawakijui na kinaniuma. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe Ivuna, kule bondeni Rukwa, leo iko wilaya ya Momba. Lilikuwa na uzito wa gramu 700 na kidogo tu. Leo hii kundi moja la vimondo adimu kabisa duniani linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna! C ni ya kaboni, I ni Ivuna yetu. Wataalamu wanalitumia kundi hilo kama rula ya kupimia vitu vingine kwa sababu mchanganyiko wake unafanana na wa jua lenyewe ukiondoa gesi nyepesi. Na Wajapani walipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu, yani jiwe linalozunguka jua, Desemba 2020, gramu kama tano na nusu tu, walipoupima wakakuta unafanana na kundi la Ivuna. Mtoto wa Kamsamba anapita njia ileile na hajaambiwa.

Na kule Peramiho, Songea, lilianguka lingine mwaka 1899, dogo hata robo kilo halifiki, hilo ni yukraiti, jamii ambayo inaaminika imetoka kwenye asteroidi Vesta. Kwa hiyo mwalimu, kusini yetu tayari ina chuma, ina la kaboni, ina la Vesta. Lako likiwa kondraiti ya kawaida utakuwa umeongeza jamii nyingine kwenye orodha yangu, japo limetoka Sahara.

Mwamba_Makambako:
Binti umesema vizuri sana. Niongezee kitu kimoja kwa faida ya mwalimu, Ivuna inaitwa kondraiti na ndani yake hakuna kondruli, maji yaliyokuwepo kwenye mwamba mama, yani lile jiwe kubwa la angani lilikomeguka, yaliibadilisha yote ikawa kama udongo. Ndo maana namba yake ni 1. Kwa hiyo jina la kundi linabeba damu ya jiwe, sio sura tu. Usihukumu kwa sura peke yake.

MwlUyole:
Wakuu ndaga fijo. Nimerudi na majibu, samahani nimechukua siku tano, tulikuwa na mitihani ya majaribio.

Tailizi: nimechora mara nne, halikuacha kitu, mara moja tu kivumbi cha kijivu ambacho kilifutika kwa kidole. Jiwe la Liganga ambalo mwenzangu wa jiografia analo kwenye kabati liliacha mstari mweusi mpaka mtoto mmoja akasema mwalimu hiyo penseli.

Uzito kwa maji: hapa nilikosea nikaona aibu mbele ya darasa ila nimejifunza. Mara ya kwanza nilipata namba 160, nikigawa napata 2.4, yani jiwe jepesi kuliko granaiti! Nikakaa chini nimekata tamaa. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameshika uzi akasema mwalimu mbona linagusa chini. Kweli, lilikuwa limekaa kwenye kitako cha kikombe kwa hiyo mzani ulikuwa unasoma na sehemu ya uzito wa jiwe. Tukalipandisha kidogo lielee katikati ya maji, nikakung'uta uzi ili mapovu ya hewa yatoke, namba ikatulia 113. Tumerudia mara tatu, 113, 113, 114. Kwa hiyo ni 3.4.

Chuma: makutano 400, chuma 20. Nimehesabu mimi, halafu akahesabu mwenzangu bila kuona yangu akapata 22. Tuseme asilimia tano. Ila pembeni ya vidoa vingi vya chuma kuna duara la kutu, na kuna mishipa ya kutu inapita katikati ya jiwe kama mizizi.

Viduara vinaonekana, vingine mpaka wake uko wazi kabisa, vingi vimefifia vinaingiliana na jiwe lenyewe, mpaka uinamishe kwenye mwanga ndo unaviona.

Mwamba_Makambako:
Mwalimu umefanya kazi safi, na huyo binti aliyeona jiwe linagusa chini mpe daftari la jiolojia sasa hivi.

Nikwambie ninavyosoma hizo namba. 3.4 imeshatoa mawe ya kawaida ya duniani, granaiti iko 2.7 hivi na basalti ya Rungwe haifiki huko. Hakuna mstari kwenye tailizi, Liganga imetoka. Hakuna vitundu, kuna chuma kinachometa NDANI ya jiwe, kuna kondruli. Mimi kwa upande wangu hilo ni kondraiti ya kawaida, jamii ambayo ndio wengi kabisa, vimondo zaidi ya asilimia 80 vinavyoonekana vikianguka ni hao. Usisikitike kwa neno "kawaida", ukawaida wake ni wa huko juu sio wa huku.

Sasa H au L au LL. Hizo herufi zinasema chuma chote kwenye jiwe ni kiasi gani, H ni nyingi, L ni kidogo, LL ni kidogo zaidi na chuma huru, yani kile kinachometa, ni kidogo pia. Ukihesabu kwa gridi kama ulivyofanya, H huwa na chuma huru kama asilimia 8 ya eneo, L kama 4, LL kama 2. Wewe umepata tano. Ungekuwa umeokota jiwe juzi limeanguka ningekwambia L na nilale. Lakini lako limekaa jangwani, labda maelfu ya miaka, na zile duara za kutu unazosema ni chuma kilichokuwa chuma kikawa kutu. Kwa hiyo tano ya leo inaweza kuwa nane ya zamani. Na kutu ikijaa inapunguza hata ule uzito wa 3.4, H iliyooza inakaa palepale ilipo L nzima. Hapa ndo watu wengi wa mitandaoni wanakosea, wanapima wanapata namba wanaandika L5 kwenye lebo. Uaminifu ni kuandika "H au L" na kuishia hapo.

Kinachoamua ni olivini, yale madini ya kijani. Mtambo wa elektroni unapima ndani ya chembe ya olivini chuma kiko asilimia ngapi ya nafasi yake, ikisoma 16 mpaka 20 ni H, 23 mpaka 26 ni L, 27 mpaka 32 ni LL. Chuma kilichofungwa ndani ya olivini hakiozi haraka kama kile huru, ndo maana wanakiamini. Shule haiwezi, na hata mimi ofisini siwezi.

Namba ya pili, 3 mpaka 6, ni jiwe lilipikwa kiasi gani kwenye mwamba mama. 3 kondruli zimekaa wazi kama maharage kwenye wali, 6 zimeiva mpaka karibu zipotee. Wewe unasema chache ziko wazi nyingi zimefifia, nahisi 5, inaweza kuwa 4, ila anayesema kwa uhakika ni yule anayeangalia kipande chembamba cha milimita 0.03 kwenye hadubini. Kuna na alama ya kuoza, W, kutoka 0, chuma kikiwa kimeoza nusu ni kama W2, hiyo macho yako yameshaona. Na alama ya S, ya jiwe kugongwa na mawe mengine huko angani, hiyo nayo ni ya hadubini.

Kama unataka liwe na jina rasmi, kamati ya majina ya Jumuiya ya Vimondo ya kimataifa inataka mtaalamu alipime na kipande kibaki kwenye taasisi milele, gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, ile iliyo ndogo. Lako asilimia 20 ni gramu 77, kwa hiyo unatoa 20. Litapewa NWA na namba, yani Afrika Kaskazini Magharibi, kwa kuwa hakuna aliyeandika mahali lilipookotwa. Hiyo ndo hasara ya soko la Erfoud, jiwe linafika bila kwao.

Mchimbaji_Chunya:
Nimeelewa na naomba radhi kwa ushauri wa tindikali, ningemharibia mwalimu. Huku tuna mazoea ya kuvunja kwanza. Mwalimu ukitaka kurudia kupima, kuna broka wa dhahabu ana mzani unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, nakuja Mbeya jumanne naweza kukuombea. Ila swali, kwa hiyo halina hela?

Mwamba_Makambako:
Kondraiti ya kawaida ya Sahara bei yake ni ndogo, zipo maelfu. Thamani ya hili iko kwenye darasa la mwalimu. Na huo mzani ni msaada mkubwa, mletee.

Mwalimu kitu cha haraka kuliko vyote ni unyevu. Jangwani lilidumu kwa sababu ya ukavu, Uyole masika inaweza kulimaliza. Fundi alikata na maji ya bomba, kwa hiyo liloweke kwenye spiriti mara moja litoe maji, likauke, halafu liweke kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usilishike kwa mkono wenye jasho. Na kwa kuwa wewe ni wa kemia, kile kipande kidogo cha pembe unaweza kukipima nikeli kwa kukisugua na pamba yenye dimethailiglioksimu na amonia, pamba ikigeuka waridi nikeli ipo. Kwenye kipande tu, sio kwenye jiwe.

MwlUyole:
Mkuu nimefanya yote. Spiriti, kopo, vipakiti nimekusanya kwa wanafunzi wa bweni vinane. Ile kemikali hatuna shuleni, nimeomba chuo kimoja hapa mjini wanipe kidogo.

Naomba nikuulize kitu cha mwisho. Jana nilileta lenzi ya mkononi darasani wakapokezana, yule binti wa uzi akaniita, anasema mwalimu hiki kiduara kina mbavu. Nikaangalia. Ni kiduara cha milimita moja hivi, ndani kuna mistari iliyonyooka imepangana sambamba, kama mbavu za samaki, halafu kimezungushiwa ukingo. Ni mimi nimekwaruza na msasa au ni nini?

Mwamba_Makambako:
Msasa ungekwaruza na nje ya kiduara. Mistari imeishia kwenye ukingo?

MwlUyole:
Imeishia palepale kwenye ukingo. Na viduara vya jirani havina.

Mwamba_Makambako:
Basi huyo binti ameona olivini ya mbavu. Lile tone liliyeyuka lote likawa maji ya moto, likapoa haraka, olivini ikaota mbavu kwa mbavu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiyo ni kama miaka bilioni 4.56 iliyopita. Malungu ya Ufipa hayawezi kutengeneza hicho, na hakuna ofisi itakayokwambia tena ni mavi ya chuma ukiwaonyesha hapo. Na kwa kuwa mbavu bado zinasomeka, mimi naishusha 6 chini kabisa kwenye orodha yangu. Andika kwenye lebo: kondraiti ya kawaida, H au L, 4 au 5, imeoza wastani, haijapimwa maabara.

Likizo ikifunguka nenda GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, Dodoma au idara ya jiolojia pale UDSM, omba wakukatie kipande chembamba, beba zile gramu 20 kwenye karatasi safi ya foili sio kwenye pamba. Pitisha mkato kwenye hicho kiduara cha mbavu kama binti atakubali.

MwlUyole:
Nimemuuliza. Amesema wakate pembeni yake, cha mbavu kibaki Uyole. Nimeshachora mstari na penseli mahali pa kukatia, na yeye ndio aliyeshika rula.